Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Jumamosi ya Tiara na Maua ya Micheri

Asubuhi ya Jumamosi moja, mwezi wa Machi ukielekea ukingoni, niliketi katika uwanja wa majani unaouzunguka mnara mweupe wa mawe ambao Wamarekani waliujenga kwa ukumbusho wa Rais wao wa kwanza, George Washington, mnara wenye kimo cha mita 169 uonekanao toka kila pembe ya mji uliopewa jina lake. Na pamoja nami walikuwapo mpwa wangu, mkewe, na binti yao wa miaka saba, ambaye kwa kuwa baba yake ni mtoto wa dada yangu huniita babu. Jua lilikuwa changa, baridi ya usiku ilikuwa haijaondoka katika nyasi, na upepo ulikuwa ule ambao mabaharia wa kwetu wangeushukuru, wa mfululizo, usio na hamaki. Na juu ya vichwa vyetu ziliruka tiara kwa mamia, za karatasi na za kitambaa, za umbo la samaki, la joka, la ndege na la nyota, nyuzi zake zikishikwa na wazee, vijana na watoto wa kila rangi ya wanadamu, hata mtu angedhani kuwa mbingu imefungwa kamba nyingi isije ikapaa ikatuacha.

"Babu," akaniuliza yule binti, "kwenu Tanga mnarusha tiara?"

"Twarusha, mjukuu wangu," nikamjibu. "Nami nilirusha nikiwa mdogo kuliko wewe."

Akafikiri kidogo, macho yake hayakutoka angani, kisha akauliza tena: "Nani aliwafundisha?"

Nilimwambia kuwa mimi nilifundishwa na mjomba wangu, alasiri za kipupwe, kwa chelewa za mnazi, karatasi ya gazeti kuukuu, na uji mzito wa unga wa ngano uliokuwa ndio gundi yetu. Lakini aliyemfundisha mjomba sikumjua, wala aliyemfundisha huyo mwalimu wa mjomba, na nikaona aibu kidogo kwamba jambo nililolipenda utotoni mwangu kuliko yote sikuwahi kuliuliza nasaba yake. Swali lile halikuniacha siku zote nilizokaa katika mji ule, na kadiri nilivyotembea chini ya miti iliyochanua, nikisikiliza ngoma za wageni na kutazama mikono ya watoto ikikunja karatasi, ndivyo nilivyozidi kuamini kuwa swali la mtoto huyu ndilo swali la sherehe yenyewe: kitu hiki tulipewa na nani, nasi tutampa nani?

Sherehe hiyo ni Tamasha la Kitaifa la Maua ya Micheri, ambalo kila mwaka, majira ya machipuko yafikapo, huujaza mji wa Washington mamia kwa maelfu ya watu. Kitovu chake ni bwawa liitwalo Tidal Basin, kando ya Mto Potomac, ambalo kingo zake zimepandwa miti aina ya micheri itoayo maua kabla ya majani, maua ya rangi baina ya nyeupe na waridi hafifu, mepesi kiasi cha kuwa upepo mdogo huyamwaga majini kama chicha za nazi. Wasimamizi wa bustani za taifa huihesabu siku ya kilele cha uchanuzi kuwa ni ile ambayo asilimia 70 ya maua ya micheri ya aina ya Yoshino yamekwisha kufunguka. Na siku hiyo haina ahadi na mwanadamu, kwani mwaka 1990 ilifika tarehe 15 Machi, na mwaka 1958 ilichelewa mpaka tarehe 18 Aprili. Wenyeji hungoja habari zake kama wavuvi wangojavyo mwezi, na itangazwapo, wazazi huwachukua watoto wao, huchukua na chakula, wakaenda kuketi chini ya matawi.

Lakini miti hii si ya nchi ile. Ililetwa kutoka Japani, na safari yake ni kisa chenye mazingatio. Mwaka 1885 mwanamke mmoja mwandishi na msafiri, Eliza Scidmore, aliporudi kutoka Japani, alikwenda kwa wakuu wa majengo na bustani za Washington akawasihi wapande micheri kando ya mto, hawakumsikiliza. Alirudi kwa kila mkuu mpya aliyeshika kazi ile, miaka zaidi ya 20, asikate tamaa wala asibadilishe ombi lake, mpaka mwaka 1909 alipomwandikia mke wa Rais, Bibi Helen Taft, ambaye aliipokea rai ile kwa mikono miwili. Habari zikamfikia Jokichi Takamine, mkemia maarufu wa Kijapani aliyekuwa akikaa Marekani, naye akajitolea kugharimia miti 2,000, ikakubaliwa kuwa itolewe kwa jina la mji wa Tokyo, ambao meya wake alikuwa Yukio Ozaki.

Miti ile 2,000 iliwasili Washington Januari 1910, na wataalamu wa kilimo walipoikagua waliiona imejaa wadudu na maradhi, hata Rais Taft akatoa idhini ichomwe moto, ikachomwa. Mtu mwingine angeona kuwa hidaya yake imedharauliwa, akafunga mlango wa urafiki. Lakini Ozaki na wenziwe walilipokea jambo lile kwa murua, wakaanza upya, wakachagua vikonyo kutoka micheri mashuhuri iliyokuwa kando ya Mto Arakawa, katika kitongoji cha Adachi, wakavipandikiza na kuvilea kwa uangalifu, na mwaka 1912 wakapeleka miti 3,020 ya aina 12, mizima isiyo na ila. Tarehe 27 Machi mwaka huo Bibi Taft na mke wa balozi wa Japani, Viscountess Chinda, walipanda miti miwili ya kwanza ukingoni mwa bwawa, bila ya mbwembwe wala halaiki kubwa. Mwaka 1915 serikali ya Marekani ikajibu ihsani kwa ihsani, ikawapelekea Wajapani miti ya maua ya asili ya nchi yake.

Hapa nataka msomaji atue pamoja nami juu ya jambo moja la maumbile ya mti huu, kwani ndani yake mna fumbo la makala yangu yote. Mcheri wa aina ya Yoshino hauendelezwi kwa mbegu: mbegu yake haizai mti uliofanana na mama yake. Ili mti huu uendelee duniani ni lazima mtu akate kikonyo katika mti mkubwa, akipandikize kwenye shina jingine, akifunge, akinyweshe maji, akisubiri. Na kwa kuwa umri wake aghalabu hauzidi sana miaka 40 au 50, kila kizazi cha wanadamu hakina budi kuifanya kazi hiyo kwa zamu yake, au mti utoweke. Uzuri ule wote uonekanao ukingoni mwa maji, ambao mpita njia hudhani kuwa ni neema ya majira tu, umepita kutoka mkono hadi mkono. Je, sanaa za watu si hivyo hivyo? Ngoma haina mbegu iliyojizika ardhini ikingoja mvua. Kasida, ususi wa ukili, uchongaji wa milango, utungaji wa mashairi na hata tiara ya mtoto, vyote havina mbegu. Vina vikonyo tu, na kikonyo kisipopata mtu wa kukifunga kwenye shina jipya, kinakauka.

Kwa hiyo sikustaajabu nilipojua kuwa chimbuko la sherehe hii halikuwa karamu ya wakubwa, bali lilikuwa mchezo wa watoto: mwaka 1927 wanafunzi wa shule walikusanyika wakaigiza tendo la upandaji lililofanywa miaka 15 nyuma yao. Kutoka hapo, mwaka 1934, viongozi wa mji wakafanya maadhimisho ya siku tatu, na mwaka 1935 vyama mbalimbali vya raia vikaungana kulifanya tamasha kuwa la kila mwaka. Watu walikuwa wamekwisha kuipenda miti ile kama jamaa zao. Na mwaka 1938 serikali ilipotaka kuikata baadhi yake ili kujenga kumbukumbu ya Rais Jefferson, wanawake wa mji walijifunga minyororo kwenye mti kuipinga kazi ile, na ugomvi ukatulizwa kwa ahadi ya kupanda miti mingine.

Kisha vikaja vita. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani ziliishambulia Pearl Harbor, na siku nne baadaye micheri minne ilikutwa imekatwa, kwa kisasi, kama ilivyodhaniwa. Tamasha likasimamishwa, na hata jina la Japani likaondolewa katika midomo ya watu walipoitaja miti ile. Lakini watu hawakuing'oa. Iliendelea kuchanua kila Machi na Aprili katika mji mkuu wa adui wa nchi yake, na mwaka 1947 sherehe ikarudi. Wakati huo huo, kule Adachi, ukingoni mwa Arakawa, micheri iliyokuwa mama wa miti ya Washington ilikuwa imedhoofika kwa taabu za vita, isiyo na mtu wa kuitunza. Na mwaka 1952 Japani iliomba msaada wa kuifufua. Ndipo vikonyo vilipokatwa katika miti ya Washington, mtoto akamrudishia mama uhai, vikapelekwa Japani kupandikizwa. Wazee wetu waliposema "mgeni njoo, mwenyeji apone" hawakuwa wameiona micheri, lakini sijapata kuona mahali ambapo msemo huo umetimia kwa ukamilifu kuliko hapo: lau Wajapani wangaliifungia miti yao nyumbani wasimpe mtu, siku ilipopatwa na maafa wasingalikuwa na pa kuomba.

Nimesimulia haya kwa urefu kwa sababu bila ya kuyajua mtu hawezi kuelewa kwa nini tamasha la maua limejaa shughuli za watoto na familia kiasi kile. Kwa miaka mingi ufunguzi wake umekuwa na Siku ya Familia katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Ujenzi, jengo la matofali lililokamilika mwaka 1887, ambalo ukumbi wake umesimama juu ya nguzo nane kubwa ajabu, kila moja ina kimo cha mita 23 hivi. Chini ya nguzo hizo, ambazo zinaweza kumfanya mtu mzima ajione sisimizi, hutandazwa meza fupi za kimo cha watoto. Pale watoto hukunja karatasi mpaka ikawa korongo, hupaka rangi, hukata na kubandika maua. Ngoma kubwa za Kijapani ziitwazo taiko zinapigwa hata kifua cha msikilizaji kikaitikia. Na mtoto aliyetazama huruhusiwa kuushika mchapo. Baadaye, katika mwezi wa Aprili, hufuata sherehe ya mtaani ya Sakura Matsuri, ambayo watayarishaji wake ni chama cha urafiki wa Japani na Marekani cha mji ule, yenye michezo ya viungo, muziki, mwandiko wa kalamu ya brashi na mapishi.

Na katikati ya hizo imo siku ya tiara, iliyoanzishwa mwaka 1967 na Paul Garber, mtunzaji mashuhuri wa ndege katika makumbusho ya Smithsonian. Mtu huyu alitumia maisha yake kukusanya na kuhifadhi vyombo vya kuruka, na hakusahau kuwa babu wa vyombo vyote hivyo ni karatasi na vijiti vilivyofungwa uzi. Kwa hiyo aliwaita watu wazima na watoto wakutane uwanjani, watengeneze wenyewe, warushe wenyewe. Hata leo watoto hupewa meza, vijiti, karatasi na rangi, na wajuzi husimama karibu kuwaelekeza.

Binti yetu alikwenda kwenye meza ile, akarudi na tiara ya pembe nne aliyoichora kasa, kwa kuwa nilimhadithia habari za kasa wa baharini usiku uliopita. Aliirusha mara ya kwanza, ikapanda kidogo, ikazunguka kama pia, ikaanguka. Mara ya pili ikawa vile vile. Baba yake, ambaye amesoma sana hesabu za mashine lakini ameondoka Tanga angali mchanga, akainama kuipima. Mimi nilikwisha kuijua ila yake kwa jicho, kwani mkia ulikuwa mfupi. Nikatoa leso yangu, nikairarua kwa urefu vipande vitatu, nikavifunga kimoja baada ya kingine, na mkono wangu ulilifanya fundo bila ya mimi kuliagiza, fundo lile lile la mjomba, ambalo sikuwa nimelifunga kwa zaidi ya miaka 50. Tiara ikapanda. Yule kasa akaogelea juu ya mnara wa Washington, na mtoto akapiga kelele za furaha hata watu wa mkeka wa jirani wakashangilia pamoja naye.

Miongoni mwa waliotushangilia alikuwapo mzee mmoja wa Kijapani, aliyekuja kushiriki mashindano ya tiara za pembe sita ziitwazo rokkaku, ambazo hupambana angani, kila mmoja akijaribu kuiangusha ya mwenziwe au kuikata uzi. Akamwita binti yetu, akampa tiara yake aishike, akamwonyesha kwa utaratibu ujenzi wake: uti mmoja wa wima, mbavu mbili za kukingama, na uzi ukazao mbavu hizo kwa nyuma mpaka zikapinda kama upinde, maana upinde huo ndio uitulizao tiara hata isihitaji mkia. Nilisogea nikasikiliza kama mwanafunzi. Maisha yangu yote niliamini kuwa tiara bila mkia ni kama jahazi bila usukani; na kumbe walikuwapo watu waliokwisha kulipatia jambo hilo njia nyingine zamani za kale, na leo njia hiyo ilikuwa ikimfikia mtu wa Tanga kupitia kidole cha mtoto wa miaka saba.

Wajapani nao wana sababu ya kuijua thamani ya tafrija ya familia nzima. Desturi yao ya kutoka kwenda kutazama maua, waiitayo hanami, ilikuwa zama za kwanza ni starehe ya watu wa majumba ya kifalme, mpaka katika karne ya 18 mtawala Tokugawa Yoshimune alipopanda micheri kwa wingi huko Asukayama na kando ya Mto Sumida, ili watu wa kawaida wa mji wapate mahali pa kuketi na watoto wao chini ya maua. Nionavyo, hapo ndipo desturi ile ilipopata uhai wake mrefu. Uzuri unaomilikiwa na wachache hufa pamoja nao. Uzuri ambao mama ameketi chini yake akimlisha mwanawe huingia katika kumbukumbu ya mwana, naye akikua huutafuta.

Sisi wa pwani hatuna majira ya machipuko. Tuna kaskazi na kusi, masika na vuli, na kipupwe kilichotulia baina yake. Hata hivyo sherehe ya machipuko imetufikia na jina lake tunalo. Nairuzi, siku ya mwaka mpya ambayo Waajemi huisherehekea mwezi wa Machi usiku na mchana unapolingana, ilipokewa pwani yetu tangu dahari; na kwa kuwa wazee wetu waliuhesabu mwaka huo kwa siku 365 kamili, pasipo kuongeza siku kila mwaka wa nne, imeteleza kidogo kidogo katika majira, hata leo Siku ya Mwaka huko Makunduchi, Unguja, huangukia mwezi wa Julai. Huko wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili waumalize mwaka wa zamani na chuki zake, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba wakiwa katika mavazi yao mazuri kuliko yote, na kila nyumba huona baraka kupata mgeni wa kula naye. Machipuko ya Uajemi hayakuweza kusafiri, lakini sherehe yake ilisafiri, ikabadili majira na mavazi, ikaishi. Nayo imeishi kwa sababu watoto wa Makunduchi wamo ndani yake kila mwaka, hawawekwi pembeni.

Jambo moja linaniuma, wala sitalificha. Katika miji yetu mingi leo, tunapoandaa maonyesho ya utamaduni, huwaketisha watoto safu za nyuma wakatazama vichwa vya wakubwa. Hucheza ngoma watu waliolipwa, hupigwa hotuba, wageni wa heshima wakapigiwa makofi, na mtoto hurudi nyumbani mikono yake haikugusa chochote. Tunadhani tumemwonyesha urithi wake, kumbe tumemwonyesha maua tu, kikonyo hatukumpa. Fundi wa kusuka ukili akae na watoto kumi kwa Jumamosi moja. Mpiga zumari amwachie mtoto apulize mpaka sauti itoke. Mwenye kujua kuandika herufi za Kiarabu kwa kalamu ya mwanzi awape watoto wino na karatasi. Gharama ya mambo haya ni ndogo kuliko gharama ya mahema na vipaza sauti, na hayahitaji ila watu wazima wenye subira.

Wala mtu asidhani kuwa wenzetu wa Washington wamekwisha kusalimika. Kuta za bwawa lao zilikuwa zimezama na maji ya mto yakawa yakipanda juu ya njia na mizizi, hata mwaka 2024 ikabidi micheri ipatayo 140 iondolewe ili kuta zijengwe upya. Kati yake ulikuwapo mmoja mdogo, uliobaki gamba na shina tupu lenye matawi machache, ambao watu waliupenda kwa ukaidi wake wa kuchanua na kuupa jina la Stumpy. Kabla haujakatwa, vikonyo vyake vilichukuliwa na bustani ya miti ya taifa vikapandikizwa. Mwaka huo huo Japani iliahidi kuwapelekea Wamarekani miti 250 mipya. Kwa hiyo mzunguko ule wa mwaka 1912 na 1952 haujakoma.

Nilirudi Tanga mwezi wa Mei, na kipupwe kilipoingia niliwaita watoto wa mtaani kwetu barazani, nikawapa chelewa, magazeti na bakuli la uji wa ngano, nikawaambia kuwa safari hii tutaunda tiara ya pembe sita. Walipoona siifungi mkia walitazamana, na mmoja mkubwa wao, kwa adabu lakini kwa yakini kamili, akaniambia: "Babu, hii hairuki." Nikaukaza uzi nyuma ya mbavu mpaka zikapinda, tukashuka ufukoni, na upepo wa kusi ukaichukua mikononi mwangu kabla sijaiachia vizuri. Walikaa kimya wakiitazama imetulia juu ya bahari, haina mkia, haizunguki.

"Babu," akasema yule yule, "nani alikufundisha?"

"Mjukuu wangu," nikamjibu. Na nikampa uzi.